Nikiondoka mimi, nani ataiamsha seva?

Stima ilipotea kwa muda wa kupepesa macho, ikarudi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi kwenye duka moja la spea Kirinyaga Road, kule wengi wetu bado tunakuita Grogan, na kaunta ilikuwa imejaa mafundi wenye mikono ya grisi, kila mmoja akitaka kuhudumiwa kabla ya mwenzake. Dada wa kaunta alikuwa anauza pampu ya maji ya Probox. Laptopu yake haikuzima, ina betri. Iliyozima ni kompyuta ya ofisi ya nyuma, na hiyo ndiyo yenye faili.

Alipobofya kuhifadhi, Access, programu ya Microsoft ya kutunzia data, ikamjibu kwamba haitambui muundo wa hifadhidata.

Hakusema neno. Aliinama, akatoa kitabu cha risiti, akapenyeza kaboni chini ya ukurasa, akauliza, "Haya, nani anafuata?"

Faili tuliifufua jioni ile ile kutoka kwenye bakapu ya usiku, na mauzo ya asubuhi yakaingizwa upya kutoka kwenye kile kitabu. Pesa haikupotea. Lakini kitabu chenyewe kilinikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Dada hakukitafuta. Kilikuwa hapo hapo chini ya kaunta, kalamu ndani yake. Maana yake watu wa duka walikuwa wameacha kuiamini programu kitambo, na hakuna aliyeona haja ya kuniambia.

## Nani anaandika

Mnaosoma hapa mnaijua Access, kwa hiyo sitaeleza fomu ni nini wala jedwali ni nini. Programu ya duka hili iligawanywa vizuri tangu mwanzo: fomu na ripoti ziko kwenye kila kompyuta, majedwali yako kwenye faili moja ndani ya folda ya pamoja. Jamaa aliyeiandika alijua kazi yake. Kisha akapata ajira ughaibuni, simu yake ikaacha kupatikana, nami nikarithi.

Nilipoanza kuwaza habari ya seva, kilichonisukuma ni ukubwa. Faili ya Access haivuki gigabaiti 2, na ya duka ilikuwa imepita moja na nusu. Ukiitazama hivyo inaogofya. Nikaichungulia ndani. Karibu yote ni picha: picha za spea, picha za hati za kupokelea mzigo, zimebandikwa ndani ya majedwali yenyewe. Picha zikitolewa zikawekwa kwenye folda, jedwali likabaki na anwani ya kila picha tu, kisha faili ikabanwa, inashuka chini ya megabaiti 200. Mauzo, madeni na wateja wa miaka yote ya duka hili yanaingia kwenye flashi ya zamani na nafasi inabaki.

Basi ukubwa haukuwa tatizo. Tatizo ni nani anayeandika.

Kwenye folda ya pamoja hakuna msimamizi wa faili. Kila kompyuta inaifungua yenyewe kupitia mtandao, inasoma kurasa za data, inaziandika tena, na kifaili kidogo cha kufuli kando yake ndicho kinachowaambia wengine nani ameshika nini. Kompyuta moja ikizimika katikati ya kuandika, au swichi ya mtandao ikikosa umeme kwa sekunde, ukurasa unabaki nusu mpya nusu wa zamani. Hakuna aliyeweka kumbukumbu ya kilichokuwa kinafanyika.

Seva ya hifadhidata ina tabia nyingine. Fomu inatuma ombi tu. Seva peke yake ndiyo inayogusa diski, na kabla ya kugusa data inaandika kwanza kwenye kumbukumbu ya miamala kile inachotaka kufanya. Stima ikirudi, inaisoma kumbukumbu hiyo: muamala uliokamilika unaingizwa, ambao haukukamilika unafutwa. Pampu ya Probox ama imeuzwa ama haijauzwa.

Hicho ndicho nilichotaka kulinunulia duka. Kwa shilingi sufuri.

Niseme pia kwamba seva haikuondolei haja ya UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta. Diski nyingi za SSD za bei nafuu hazina ulinzi wa umeme kukatika. Zinaweza kuiambia seva kwamba zimeandika wakati data bado iko njiani. Kwa hiyo tulipita Luthuli Avenue kabla ya kitu kingine chochote, tukanunua UPS, tukaichomekea kompyuta ya nyuma na swichi pia. Watu husahau swichi.

## Wagombea

Mwenye duka ni mama wa makamo, nasi sote tunamwita Mama, pamoja na wauzaji wa mafuta ya injini waliomzidi umri. Aliniambia mapema: hela ya kompyuta moja ipo, hela ya leseni haipo. Kompyuta tukaipata, ex-UK yenye gigabaiti 8 za memori. Ikabaki kuchagua cha kuweka ndani.

SQLite niliiondoa kwanza, ingawa naipenda. Siyo seva. Ni maktaba ya programu inayofungua faili, na waandishi wake wenyewe wanaonya usiiweke kwenye folda ya mtandao ukaruhusu kompyuta nyingi kuiandikia. Ningekuwa nimezunguka mtaa mzima na kurudi kwenye mlango ule ule.

Firebird ilinivutia kuliko nilivyotarajia. Ilitokana na InterBase, baada ya Borland kuachilia msimbo wake mwaka 2000. Hifadhidata nzima ni faili moja, kuisakinisha ni kazi ndogo, haidai kuangaliwa kila mara. Ndiyo iliyokuwa na jina hilo kabla ya kivinjari cha Mozilla, na ubishi wa jina ndio uliotuletea Firefox mwaka 2004. Niliwauliza mafundi wenzangu wa mjini kama kuna aliyewahi kuitumia. Wawili walidhani nazungumzia kivinjari.

Nikaiacha. Si kwa ubaya wake.

MySQL inajulikana na kila mtu. Ukisomea kompyuta Nairobi, ni vigumu umalize bila kukutana na XAMPP, kifurushi cha bure cha kujifunzia kutengeneza tovuti, na ingawa watu husema MySQL, ndani ya XAMPP ya miaka hii kuna MariaDB. Mambo ya ukoo hayo: Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi wake, aliipa MySQL jina la binti yake, My. Sun wakainunua mwaka 2008, Oracle wakainunua Sun mwaka 2010, na kufikia hapo Widenius alikuwa ameshaanzisha tawi lake la MariaDB, kwa jina la binti mdogo, Maria. Ningeweza kuishi na yoyote kati ya hizo mbili. Lakini ukiiunganisha Access kwa driva ya MySQL, yaani programu ndogo inayoziwezesha hizo mbili kuzungumza, kuna kisanduku fulani kwenye mipangilio lazima ukiweke alama ili seva irudishe idadi ya mistari iliyopatikana badala ya iliyobadilika. Usipoweka, Access inadai mtu mwingine amebadilisha rekodi wakati duka zima uko peke yako. Kisanduku hicho kiwekeni akilini, nitakirudia.

Zikabaki mbili, PostgreSQL na SQL Server Express. Hapo ndipo nilipokwama.

## Moyo ulikuwa kwa Postgres

Postgres ilianza Berkeley mwaka 1986 chini ya Michael Stonebraker, ikachukua jina la PostgreSQL mwaka 1996, na hadi leo haina mwenyewe. Leseni yake unaisoma yote kabla chai haijapoa. Haikuwekei kikomo cha ukubwa wa hifadhidata, cha memori wala cha viini vya prosesa. Windows inaikubali moja kwa moja tangu toleo la 8.0 la mwaka 2005, na ukitaka kuhamia Linux kesho, unahama nayo. Ukitoa bakapu kwa pg_dump unaweza kuipata kama maandishi matupu; unaifungua kwa Notepad, unaona bei ya bush ya stabilaiza mbele ya macho yako. Kwa mtu aliyepoteza faili isiyotambulika hata na mama yake aliyeizaa, hilo si jambo dogo.

Express ni mali ya Microsoft. Ni bure hata kwa biashara, lakini vikomo vimeandikwa waziwazi: kwenye toleo la 2022, data isizidi gigabaiti 10 kwa hifadhidata moja, prosesa isitumie zaidi ya viini 4, na memori ya kushikia kurasa za data isipite megabaiti 1410. Haina pia mpangaji wa kazi wa ndani, kwa hiyo bakapu ya kila usiku unaipangia kwenye Windows yenyewe.

Nilimweleza Mama yote haya ofisini, kwa ufupi kadiri nilivyoweza. Alisikiliza, akauliza swali ambalo vitabu vya hifadhidata huwa haviulizi.

"Mwanangu, kampuni kubwa hivyo itupe kitu bure kwa nini?"

Nikamwambia ukweli: wanatumaini tutakua hadi kikomo kitubane, kisha tununue leseni, na leseni ya Standard, toleo la kulipia, kwa viini haiuzwi chini ya viini 4. Akacheka. "Kama hao wa oili wanavyoniletea kalenda na fulana kila Desemba." Akafikiri kidogo. "Na hao wengine wasio na kampuni, wanakula nini?"

Kuna kampuni kadhaa zinazowalipa waandishi wa Postgres na kuuza huduma juu yake, nikamjibu. Hakuonekana kuridhika. Nami niliondoka na wazo kwamba anauliza jambo moja kwa njia mbili: siku mambo yakiharibika, tutamshika nani?

## Bush zimeisha?

Nilisakinisha zote mbili kwenye ile ex-UK na kuhamishia data. Upande wa Express kuna SSMA, chombo cha bure cha Microsoft kinachobeba majedwali ya Access na kukuonyesha kilichogoma. Upande wa Postgres nilisafirisha mwenyewe kupitia ODBC, njia ya kawaida ya programu kuzungumza na hifadhidata, na nikayaandika majina yote ya safu kwa herufi ndogo, kwa kuwa Postgres huyashusha majina yasiyo na alama za kunukuu.

Kisha nikamwomba dada wa kaunta, duka likishafungwa, auze mauzo ya uongo kwenye fomu zile zile za kila siku, nyuma yake ikiwa Postgres.

Akaandika "bush" kwenye kisanduku cha kutafuta. Orodha ikaja tupu.

"Injinia, bush zimeisha?"

Zilikuwa kwenye rafu, nyuma ya kichwa chake. Kwenye jedwali zimeandikwa BUSH, kwa kuwa yule jamaa wa mwanzo alikuwa mtu wa herufi kubwa. Access haijali kubwa wala ndogo. SQL Server kwa mipangilio yake ya kawaida haijali pia. Postgres inajali, na ni haki yake kujali. Kwake BUSH na bush ni maneno mawili. Akaandika "Probox", akapata chache. "PROBOX", akapata nyingine. Miaka yote wauzaji wameingiza jina hilo kila mtu kwa mkono wake, na hapakuwahi kuwa na sababu ya kuwakemea.

Dawa zipo. Unaweza kuandika utafutaji upya kwa ILIKE, amri ya Postgres isiyojali herufi kubwa wala ndogo, lakini Access haiijui ILIKE, basi ni lazima upitishe ombi moja kwa moja hadi kwenye seva. Unaweza kuibadilisha safu iwe ya aina ya citext, isiyotofautisha herufi, lakini kulingana na mipangilio ya driva, Access inaweza kuiona safu hiyo kuwa maandishi marefu, na juu ya maandishi marefu haikubali kuunganisha majedwali mawili. Nilijaribu huku na kule hadi ikafanya kazi.

Kisha likaja suala la ndiyo na hapana. Jedwali la mauzo lina safu ya Imelipwa. Kwa Access, ndiyo ni -1. Postgres ina aina yake kamili ya kweli na uongo, na ukiilinganisha na namba inakataa kata kata. Hilo nalo lina dawa: kwenye driva kisanduku kimoja unakitoa alama, kingine unakitia, kisha unaongeza vipande vya msimbo kwenye seva vinavyoifundisha kulinganisha kweli na namba. Ikafanya kazi pia.

Nikaenda nyumbani nimefurahi. Kwenye matatu ya kurudi Kasarani, furaha ikaanza kuniishia.

## "Usiguse"

Ndani ya msimbo wa programu hii kuna mistari mitatu, kwenye fomu ya madeni, ambayo jamaa aliyenitangulia aliiwekea maelezo ya neno moja tu: usiguse.

Hakusema kwa nini. Nimeisoma mistari hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Inaonekana haifanyi kitu. Sijaigusa.

Sasa nikaanza kuhesabu kichwani vya kwangu. Mpangilio wa visanduku viwili kwenye driva, unaopaswa kuwa sawa kwenye kila kompyuta ya duka. Vipande vya msimbo vya -1. Safu za citext na masharti yake. Maombi yaliyopitishwa moja kwa moja kwa ajili ya ILIKE. Mistari ya ruhusa kwenye pg_hba.conf ili kompyuta za kaunta zikubaliwe. Hakuna hata kimoja kigumu. Kila kimoja ni dakika chache kwa mtu anayejua kipo. Lakini aliyejua vyote vipo ni mtu mmoja, na mtu huyo anaweza kugongwa na boda boda, au kupata kazi Doha.

Mama alikuwa ameniuliza hilo hilo, ila mimi nilidhani anauliza habari za leseni.

Tangu hapo nilianza kupima kwa kipimo kingine. Kila seva niliihesabia ni vitu vingapi lazima nivijue mimi ili fomu za zamani, zilizoandikwa na mtu asiyekuwepo, ziendelee kufanya kazi.

Express haikutoka safi. Ukishaisakinisha, haisikilizi kompyuta nyingine hata moja. TCP/IP, njia ya kuzungumza kupitia mtandao, imefungwa hadi uifungue mwenyewe. Kila jedwali lazima liwe na ufunguo mkuu, yaani safu inayotambulisha kila rekodi, la sivyo Access inalisoma tu bila kuandika. Na ile Imelipwa ilizua vita huku pia: safu ya ndiyo na hapana ikiachwa bila thamani yoyote, Access inalalamika kwamba mtu mwingine amebadilisha rekodi, na dada akabaki ananitazama kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine. Dawa ni kuipa safu thamani ya kuanzia, sufuri, kujaza zilizo tupu, na kuongeza kwenye jedwali safu ya rowversion ambayo seva inaibadilisha yenyewe kila rekodi inapoguswa.

Tofauti ninayoiona mimi ni mahali dawa inapokaa. Hii ya Express iko ndani ya jedwali, kwenye seva, mara moja kwa kompyuta zote. Anayekuja baada yangu akifungua jedwali ataiona. Kisanduku cha driva hakionekani hadi siku kimekosewa.

Najua kuna atakayeniandikia kwamba mipangilio ya driva inaweza kuwekwa ndani ya mstari wa kuunganisha, isambazwe pamoja na fomu. Ni kweli, na kwa duka lenye mtu wa kompyuta anayeshinda hapo ningekubaliana naye. Duka hili lina dada wa kaunta, mhasibu anayekuja mwisho wa mwezi, na mimi nikipatikana.

## Vipi ikijaa?

Kilichonizuia kwa muda kukubali Express ni kile kikomo. Inaudhi kuchagua chombo ambacho mtu mwingine ameshaamua kitakutosha mpaka wapi.

Lakini ukifuata historia yake, kikomo kimekuwa kikipanda. Mtangulizi wa Express, MSDE, aliishia gigabaiti 2. Express ya mwaka 2005 ikaja na 4, toleo la 2008 R2 likapandisha hadi 10, na la 2025 limefika 50. Tena kinachohesabiwa ni data tu. Kumbukumbu ya miamala haimo. Duka la megabaiti 200 litachukua miaka mingapi kufika gigabaiti 10, hata likifungua matawi Nakuru na Mombasa? Mimi nitakuwa nimestaafu. Na Microsoft wakigeuka siku moja, data itatoka kwa njia ile ile ya ODBC iliyoingilia.

Kuhusu kasi, neno moja. Msidhani kuhamia kwenye seva kunaharakisha mambo kwenyewe. Fomu ya bidhaa ilikuwa inafungua jedwali zima, kisha mtu anatafuta ndani yake. Iko hivyo hivyo juu ya Express na inavuta mzigo ule ule kupitia waya. Niliifanya ifunguke tupu, isubiri mtu aandike anachotaka, ndipo iombe mistari hiyo tu. Hiyo ndiyo iliyoleta kasi, na ingeileta juu ya seva yoyote.

## Karatasi moja

Kabla ya kuamua kabisa nilitaka kuona jambo moja kwa macho yangu. Niliandika maelekezo ya kurejesha bakapu, ukurasa mmoja kwa Postgres na mmoja kwa Express, nikampa dada wa kaunta pamoja na laptopu ya zamani yenye programu zote mbili, kisha nikaenda kukaa na Mama ofisini nisije nikasaidia.

Postgres ilimkwamisha kwenye watumiaji. Bakapu ya hifadhidata moja haibebi majina ya watumiaji wa seva. Yanatolewa kando, na seva mpya ikilalamika kwamba mtumiaji fulani hayupo, mtu asiyejua habari hizo hana pa kushika. Express nayo ilimkwamisha pale pale karibu: hifadhidata ikarudi nzima, lakini kitambulisho cha kuingilia kiko kwenye seva ya zamani, hakimo ndani ya bakapu. Sare.

Kilichoamua ni uso wake. Kwenye dirisha la Express alisoma, akabofya, akaona jina la faili na tarehe ya jana, akasema, "Ni hii." Upande wa pili alikuwa ananisoma mimi kupitia ukutani, ingawa nilikuwa nimejificha. Sidai kwamba hilo ni ushahidi wa kisayansi. Ni dada mmoja, na ndiye atakayekuwepo.

Kwa hiyo duka linaendeshwa na SQL Server Express. Hatua za kitambulisho sasa zimo kwenye karatasi, na karatasi imebandikwa ndani ya mlango wa kabati ya ofisi. Bakapu inatoka kila usiku. Express haibani bakapu wala haiisimbi, kwa hiyo ikishatoka 7-Zip inaifunga kwa nenosiri kabla ya kunakiliwa kwenye diski ya nje. Ndani yake kuna simu za wateja na nani anadaiwa nini, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hilo si jambo la kubeba kwenye flashi mfukoni. Diski za kila mwisho wa mwaka Mama anazifungia, kwa sababu sheria ya ushuru inataka kumbukumbu za biashara zikae miaka 5. Nenosiri analo yeye na mhasibu. Mimi ninalo pia, kwa sasa.

Ile mistari mitatu ya "usiguse" bado ipo. Inafanya kazi vizuri juu ya Express, chochote kile inachofanya.

## Ghala

Wiki iliyopita Mama aliniita tena. Amekodi ghala Industrial Area, na anataka kijana wa kule aone stoki ya Grogan moja kwa moja, naye dada wa kaunta aone ya ghala.

Express haina shida na hilo. Access ndiyo yenye shida. Imezoea waya mfupi wa ndani ya duka, na ukiiwekea intaneti ya kuvuka mji fomu zinajikokota na kukatika katikati. Njia ya haraka ni kuziacha fomu zikae kwenye kompyuta ya duka na kijana wa ghala aziendeshe kutoka mbali. Njia ya pili ni kuandika sehemu ya ghala upya ifanye kazi kwenye kivinjari, bila Access, bila -1, bila fomu za mtu aliyeondoka.

Nimemwomba muda nipige hesabu. Nikiiandika upya, itakaa juu ya Postgres.